NYOTA SPICA: NANI ALIFIKA KUIPIMA?

Katika kiangazi kimoja katekista wa kijiji alitufikia na shida. Haikuwa shida ya ndoa wala ya mashindano kati ya wakristu. Ilikuwa shida ya nyota. Jioni moja alifundisha watoto juu ya kuumbwa kwa ulimwengu, kiisha akawatoa inje watazame anga. Akawaonyesha nyota mbili: moja nyekundu, na nyingine nyeupe yenye kuelekea buluu. Akawaambia: «Ile nyekundu ina moto mwingi kama makaa, hii ya buluu ni baridi kama maji.» Mtoto mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa kuunganisha vyuma, akajibu: «Hapana, Mwalimu. Moto wa baba ukiwa mwekundu haukati kitu. Ukiwa wa buluu, ndio unaokata chuma.» Watoto wakacheka. Katekista akaona haya, akamfukuza mtoto yule mbele ya wenzake.

Usiku ule hakupata usingizi. Akaja kutuuliza: «Padri, nilimfukuza mtoto aliyesema kweli? Na tena, hao wanaosema wamepima moto wa nyota, nani kati yao alifika kule?»

Maswali hayo mawili ni mazuri, na lile la pili ni zito kuliko la kwanza. Kwani sisi sote, mapadri, wafratri na makatekista, tunasema kila siku juu ya mambo ambayo hatukuyagusa kwa mkono. Ni lazima tujue kutofautisha neno lililothibitishwa na neno la kutunga. Basi tutazame pamoja nyota moja tu, na kwa kila jambo linalosemwa juu yake tuulize: limejulikana namna gani?

1. Jina lake na mahali pake

Nyota tunayoichagua inaitwa Spica. Waseminari wetu wanalijua neno hili la kilatini: maana yake ni suke la nafaka. Watu wa kale walifikiri kundi la nyota liitwalo Virgo lina umbo la msichana mwenye kushika suke mkononi; suke lenyewe ndilo nyota hii. Makatekista wafahamu vema: jina hili Virgo ni la kale kuliko ukristu, wala halikutolewa kwa ajili ya Bikira Maria. Tusiwafundishe watoto jambo lisilo kweli, hata kama lingekuwa la kupendeza.

Nchi yetu ina bahati ya kuiona vizuri. Mwisho wa mwezi wa tano, saa tatu ya usiku, Spica inasimama juu sana. Watu wa Likasi na Lubumbashi wanaiona karibu juu ya utosi kabisa. Wale wa Bukavu na Goma wanaiona juu, lakini imeinama kidogo upande wa kusini. Karibu yake, upande wa magharibi, kuna nyota nne za kundi la Corvus, maana yake kunguru, zimekaa mfano wa kitanda kilichopinda. Wakati uleule, upande wa kaskazini, mtaona Arcturus yenye rangi ya chungwa, na upande wa mashariki, kuelekea kusini kidogo, Antares iliyo nyekundu. Tazameni zote tatu kwa usiku mmoja. Rangi zake ndizo mlango wa somo letu.

2. Umbali wake

Inua kidole mbele ya uso wako. Funga jicho la kushoto, kisha lifungue na kufunga la kuume. Utaona kidole kama kinaruka kutoka mahali hapa mpaka pale, na hali hakikutikisika. Kikiwa karibu kinaruka sana. Kikiwa mbali kinaruka kidogo. Mwenye kujua nafasi iliyo kati ya macho yake na kipimo cha kuruka kwa kidole, anaweza kuhesabu umbali wa kidole pasipo kukigusa.

Wenye elimu ya nyota wanafanya vivyo hivyo. Dunia inazunguka jua kwa mwaka mmoja. Basi mahali tulipo leo na mahali tutakapokuwa baada ya miezi sita pameachana kilometa milioni 300: hayo ndiyo macho mawili. Nyota iliyo karibu inaonekana kuruka kidogo mbele ya nyota zilizo mbali zaidi. Lakini kuruka kwa Spica ni kudogo mno, ni kama kutazama kidole chenye upana wa santimetri 2 kutoka umbali wa kilometa 160. Kazi hii ilifanywa na chombo kiitwacho Hipparcos, kilichopelekwa juu ya hewa mwaka 1989, na hesabu zake zikatangazwa mwaka 1997. Jina la chombo lilichaguliwa kwa heshima ya Hipparchus, Mgriki aliyepima mahali pa Spica zaidi ya miaka 100 mbele ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Yeye alilinganisha vipimo vyake na vya Timocharis wa Alexandria aliyemtangulia, akatambua ya kuwa anga lote linaonekana kusogea polepole sana; leo tunajua kwamba mhimili wa dunia unayumba kama pia, na kumaliza mzunguko wake kwa miaka karibu 26.000.

Hesabu ya Hipparcos inasema hivi: mwangaza, unaokwenda kilometa 300.000 kwa sekonde moja, unatumia miaka karibu 250 kutoka Spica mpaka kwetu. Mwangaza wa jua unatufikia kwa dakika 8 tu. Mwangaza wa Spica mtakaouona usiku wa leo ulianza safari yake mbele ya babu wa babu zetu kuzaliwa.

3. Moto wake

Sasa tujibu swali la mtoto. Nendeni kwa mhunzi. Chuma kikianza kupata moto, hakionyeshi rangi, lakini mkono ukisogea unausikia ukali wake. Kikizidi kinakuwa chekundu cha giza, halafu chekundu cha kung'aa, halafu cha chungwa, halafu cha njano, mwisho kinaelekea weupe. Mhunzi mzoefu hahitaji kipimo kingine: anatazama rangi na kujua kama wakati wa kupiga nyundo umefika. Kama chuma kingeweza kuongezewa moto zaidi pasipo kugeuka mvuke, baada ya weupe ungekuja weupe wenye buluu. Kanuni hii iliandikwa kwa hesabu na Wilhelm Wien, Mjerumani, mwaka 1893: kadiri kitu kinavyozidi moto, ndivyo mwangaza wake unavyohama toka upande wa nyekundu kwenda upande wa buluu.

Tukiifuata kanuni hii, Antares nyekundu ina digrii karibu 3.300 juu ya uso wake. Arcturus ya chungwa ina digrii 4.000, jua letu digrii 5.500, na Spica ina digrii karibu 25.000. Shaba ya Katanga inayeyuka kwa digrii 1.085. Hesabuni wenyewe: uso wa Spica una moto mara 23 kupita ule unaoyeyusha shaba. Na hayo ni ya usoni tu. Ndani yake digrii zinafika milioni nyingi.

Basi yule mtoto alisema kweli. Lakini kwa kupenda haki tuongeze neno moja. Rangi ya buluu katika moto wa fundi haitoki katika ukali wa moto peke yake. Inatoka pia katika namna ya gazi inayowaka. Moto wa jiko la gazi ni wa buluu, na hata hivyo haufikii moto wa uso wa Antares nyekundu. Mfano wa chuma cha mhunzi ni sahihi kuliko mfano wa moto wa gazi. Mtoto alifika mahali pazuri kwa njia isiyonyoka sana. Mwalimu mwema angemsaidia kunyosha njia, si kumfukuza.

Mtu atauliza: kama ina moto hivyo, mbona haionekani buluu kabisa kama maji ya ziwa? Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mwangaza wake inapita hata buluu, inaingia katika namna ya mwangaza ambao jicho la mtu haliwezi kuuona. Ni namna ileile ya mwangaza wa jua inayounguza ngozi. Ule unaobaki kwa macho yetu umechanganyika rangi zote, buluu ikizidi kidogo.

4. Vitu vilivyomo ndani yake

Mwangaza ukipita katika kioo cha pembe tatu unatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo, alitazama kwa uangalifu rangi hizo za jua, akaona mistari mingi myeusi imezikata. Mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen walieleza maana yake: kila kitu, kama chumvi, chuma ao idrojeni, kina mistari yake mwenyewe, kama kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Mwenye kuijua mistari ya kitu fulani hapa duniani anaweza kukitambua hata katika nyota.

Hapa ndipo mtu mwenye mashaka anaposema: «Hayo ni maneno. Nani alikwenda kuhakikisha?» Tumpe jibu lenye nguvu. Mwaka 1868 wenye elimu waliona katika mwangaza wa jua mstari wa njano usiolingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Mwingereza Lockyer akasema: ni kitu kipya, kikaitwa heliamu, kutokana na jina la kigriki la jua. Wengi walikuwa na mashaka. Lakini mwaka 1895 William Ramsay alipata gazi kutoka katika jiwe lenye uraniumu, jiwe la jamaa moja na yale yaliyochimbwa zamani Shinkolobwe. Akatazama mwangaza wake, na tazama, mstari uleule wa njano. Kitu kilijulikana katika jua miaka 27 mbele ya kushikwa mkononi. Basi njia hii imepimwa, nayo imeonekana kuwa ya kweli.

Mistari hiyohiyo ya heliamu inaonekana vizuri katika Spica. Haionekani katika nyota kama jua letu likitazamwa usoni kwa njia ya kawaida, kwa sababu inahitaji moto mkali sana kuitokeza. Kwa hiyo mistari inathibitisha neno la rangi. Mashahidi wawili wasiotegemeana wanasema jambo moja. Zaidi ya yote Spica ni idrojeni na heliamu. Vitu vingine vyote vimo kidogo tu.

Inatupasa kumtaja hapa padri mmoja, Angelo Secchi, Myezuiti wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1818 na kufa mwaka 1878. Alikuwa mkubwa wa nyumba ya kutazamia nyota ya Collegio Romano, iliyojengwa juu ya kanisa la Mtakatifu Inyasi mjini Roma. Usiku kwa usiku alitazama mistari ya nyota zaidi ya 4.000, akazigawanya katika jamaa kufuatana na rangi na mistari yake. Jamaa yake ya kwanza ni ya nyota nyeupe na za buluu, nayo ndimo zinamoingia nyota za namna ya Spica. Alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kutengeneza orodha kama hiyo, na kazi yake ilifungua njia kwa wote waliofuata. Alitoa misa asubuhi, akapima nyota usiku, wala hakuona kwamba kazi moja inaharibu nyingine.

5. Nyota moja ni nyota mbili

Mkisimama kando ya reli, sauti ya treni inayokuja ni nyembamba. Ikiisha kupita inakuwa nzito. Mwangaza nao una tabia ya namna hiyo: nyota ikija kwetu, mistari yake inahama kidogo kuelekea buluu; ikienda zake, inahama kuelekea nyekundu. Mwaka 1890, katika mji wa Potsdam, Hermann Vogel aliona mistari ya Spica inahama huku na huku kwa muda wa siku 4. Maana yake ni nini? Spica si nyota moja. Ni nyota mbili zinazozungukana, karibu sana hata darubini haiwezi kuzitenganisha kwa macho. Kati yake kuna kilometa karibu milioni 20 tu. Dunia yetu na jua vimeachana kilometa milioni 150.

Jambo hili ndilo linalotupa mizani ya kuzipima uzito. Mtazameni mtu mkubwa anayeshikana mikono na mtoto na kuzunguka pamoja naye: mkubwa anazunguka duara ndogo, mtoto duara kubwa. Kwa kulinganisha duara hizo mbili unajua nani ni mzito na kwa mara ngapi. Tena, kwa kujua upesi wa mzunguko na umbali kati yao, unajua uzito wa wote wawili. Hivyo imejulikana kwamba nyota kubwa ya Spica ina uzito wa majua karibu 11, na ndogo uzito wa majua karibu 7. Kwa kuwa ziko karibu hivyo, zinavutana kwa nguvu, hata si duara tena: zimerefuka mfano wa yai, kila moja ikielekeza ncha yake kwa mwenzake.

6. Ukubwa na mwangaza wake

Katika Australia, mahali paitwapo Narrabri, Hanbury Brown na wenzake walitengeneza vioo viwili vikubwa vilivyotazama nyota moja kwa pamoja kutoka mahali pawili. Mwaka 1971 walitangaza vipimo vya Spica. Kwa vipimo vya namna hiyo, pamoja na vingine vya nyuma yake, tunajua kwamba upana wa nyota kubwa ni mara 7 na nusu ya upana wa jua, na ndogo karibu mara 4.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Mwaka 1879 Jožef Stefan alitambua kanuni hii: moto wa kitu ukiongezeka mara 2, mwangaza wake hauongezeki mara 2 tu, unaongezeka mara 16, yaani 2 mara 2 mara 2 mara 2. Moto wa Spica kubwa unapita wa jua mara 4 na kitu. Basi kila kipande cha uso wake kinatoa mwangaza mara 370 kupita kipande kama kile cha jua. Na uso wake wote ni mara 56 ya uso wa jua. Zidisheni 370 kwa 56: mnapata zaidi ya 20.000. Nyota hiyo moja inatoa mwangaza wa majua zaidi ya 20.000! Lakini sehemu kubwa ya mwangaza huo, kama tulivyosema, macho yetu hayaioni.

7. Maisha yake na mwisho wake

Mtu mwenye mali mara 11 kupita jirani yake, lakini anatumia kila siku mara 20.000 kupita jirani, nani kati yao atafilisika kwanza? Nyota inaishi kwa kugeuza idrojeni yake kuwa heliamu ndani kabisa ya moyo wake. Jua letu ni la ubahili: limekwisha kuishi miaka karibu miliari 4 na nusu, na linaweza kuendelea miaka kama miliari 5 tena. Spica ina miaka milioni chache tu zaidi ya kumi, na tayari imekwisha kutumia sehemu kubwa ya akiba yake. Nyota za buluu ni za ujana, kwa sababu hazifiki uzee.

Nyota yenye uzito wa majua 11 haizimiki polepole. Akiba ya moyo wake ikiisha kabisa, moyo unaanguka ndani kwa ghafula, na sehemu za inje zinatupwa mbali kwa mshindo mkubwa. Siku ile, ambayo iko mbele kwa miaka milioni kadhaa, Spica itang'aa kupita nyota zote za usiku. Lakini iko mbali vya kutosha: wenye elimu hawaoni hatari kwa dunia.

Wala mauti yake si hasara tupu. Oksijeni tunayoivuta, na sehemu kubwa ya shaba yetu ya Katanga, vilitengenezwa ndani ya nyota nzito za namna hii, zilizokufa mbele ya dunia kuwako. Mabaki yake yaliingia katika wingu ambamo jua na dunia vilifanyika. Mchimbaji anayetoa shaba ardhini anashika mkononi kazi ya nyota za zamani.

8. Neno kwa wafundishaji

Basi, nani alifika kuipima Spica? Hakuna mtu. Lakini mwangaza wake umefika kwetu, nao ni mjumbe aliyechukua mambo mengi: rangi inasema moto, mistari inasema vitu vilivyomo, kuhama kwa mistari kunasema uzito, na kuruka kwake mbele ya nyota nyingine kunasema umbali. Mashahidi hao wanapatana. Hesabu tulizozitaja zote ni za «karibu», na vyombo bora vitakuja kuzinyosha; kusema hivyo si udhaifu wa elimu, ni uaminifu wake.

Tunatoa mashauri matatu. Kwanza, tukifundisha juu ya kazi za Muumba, tuzijue kwanza kazi zenyewe. Sifa iliyojengwa juu ya kosa inaanguka mtoto akiisha kwenda sekondari, na mara nyingi imani yake inaanguka pamoja nayo. Pili, anayekuja kuuliza kama nyota fulani inampa bahati ao msiba, aonyeshwe nyota ilivyo: gazi lenye moto, mbali sana, lisilojua jina la mtu. Tatu, tukishindwa na swali, tuseme: «Sijui, nitatafuta.» Maneno hayo hayakumwondolea mwalimu heshima hata siku moja.

Katekista wetu alirudi kijijini. Jumapili iliyofuata, baada ya mafundisho, alimwita mtoto yule mbele ya wenzake walewale waliocheka, akasema: «Wewe ulisema kweli, na mimi nilikosa.» Kiisha akawachukua wote kwa mhunzi kutazama chuma. Alitusimulia mwenyewe kwamba tangu siku ile watoto wanamwuliza maswali mara mbili kupita zamani, na kwamba mengine anakuja nayo kwetu, nasi tunalazimika kufungua vitabu tena.